Majeshi ya Mezani: Kutoka Kalibu za Nuremberg hadi Vita vya Tanga

Mwishoni mwa karne ya 19, katika kaburi la Mesehti, mtawala wa Asyut huko Misri ya Juu, yalipatikana majeshi mawili ya mbao yaliyokuwa yamesimama gizani kwa takriban miaka 4,000. Jeshi la kwanza lilikuwa na Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, la pili Wanubi 40 wenye pinde. Kila jeshi lilipangwa safu kumi za watu wanne wanne. Leo yako Cairo, na anayeyatazama kwa karibu huona kwamba fundi hakufanya kazi ya kulipua: askari hawalingani urefu, sura zao hazifanani, na ngao za Wamisri zina mabaka tofauti kama ngozi za ng'ombe wa makundi mbalimbali. Hayakuwa mchezo. Yalikuwa ulinzi wa marehemu katika safari yake ya ahera. Hata hivyo, watu wanaokusanya na kupaka rangi majeshi ya mezani siku hizi humtaja Mesehti kama babu yao, nami sioni sababu ya kuwanyima ukoo huo. Fundi wa Asyut aliamua mambo yale yale wanayoyaamua wao kila jioni: nani aingie jeshini, amevaa nini, na asimame wapi.

Uamuzi huo haukubaki mikononi mwa mafundi wa makaburi. Katika karne ya 18 ulihamia kwa wahunzi wa bati, hasa Nuremberg, mji wa Ujerumani uliokuwa umeshika biashara ya vitu vya kuchezea. Jina linalokumbukwa zaidi ni la Johann Gottfried Hilpert, aliyefanya kazi yake katika nusu ya pili ya karne hiyo. Vita vya Miaka Saba, vya 1756 hadi 1763, vilikuwa vimemfanya Mfalme Frederick wa Prussia gumzo la Ulaya nzima, na watu walitaka kumwona akiwa amepanda farasi juu ya meza zao. Askari wa Hilpert walikuwa bapa, wembamba kama sarafu, picha upande huu na upande ule. Ubapa huo ulitokana na hesabu ya biashara: kalibu ilichongwa katika vipande viwili vya jiwe laini, bati lilimiminwa kidogo tu, likapoa upesi, na fundi akatoa askari wengi kwa kutwa moja. Waliuzwa kwa kupimwa kwenye mizani, wakiwa wamefungwa katika visanduku vya mbao nyembamba. Rangi zilipakwa majumbani na akina mama na watoto, kwa malipo kiduchu.

Kila karakana ilikuwa na kimo chake, hivyo jeshi la duka moja halikuweza kupigana na la duka jingine bila mmoja kuonekana jitu. Mwaka 1848 Ernst Heinrichsen, wa Nuremberg huko huko, alishika kimo cha milimita 30, na wenzake wakamfuata polepole. Ni jambo dogo kulisimulia, lakini ndilo lililomwezesha mtu wa kawaida kukusanya jeshi moja kutoka kwa mafundi wengi. Urithi huo unaonekana hadi leo katika ngome ya Plassenburg, mjini Kulmbach, ambako makumbusho ya visanamu vya bati yana takriban askari na raia 300,000 wa kimo hicho na vimo vingine.

Wakubwa nao walicheza. Catherine wa Urusi aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mumewe, ambaye baadaye alikuja kuwa Tsar Peter III, alimnyonga panya kwa kosa la kupanda ngome yake ya karatasi na kuwatafuna walinzi wawili waliotengenezwa kwa wanga. Msimulizi ni mke aliyempindua mumewe, kwa hiyo msomaji apokee habari hiyo na chumvi yake. Watoto wa mchungaji mmoja wa kijiji cha Haworth, Uingereza, walikuwa wapole zaidi. Mwaka 1826 Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mbao. Dada zake, ambao baadaye walikuja kuwa waandishi mashuhuri, walichukua kila mmoja askari wake, wakawapa majina, wakawajengea nchi ya kubuni. Nchi yenyewe waliiweka katika pwani ya Afrika Magharibi, wakaingiza na Waashanti kama maadui. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga Afrika. Askari wa mbao waliivamia kwanza.

Wakati huo huko Prussia kulikuwa na watu walioona kwamba sura na sare zinawapotezea muda. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reiswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita yenye vipande vya ardhi vya plasta, ambavyo vingeweza kupangwa upya kila mchezo. Mwanawe, ofisa wa mizinga, aliuboresha mchezo huo na kuuchapisha mwaka 1824. Meza ilitupwa, ikaja ramani halisi ya kipimo cha 1 kwa 8,000. Vikosi vikawa vipande vidogo vya madini vyenye rangi ya buluu na nyekundu, bila kichwa wala mguu. Dadu zilitoa hesabu ya waliokufa, na mwamuzi mmoja ndiye aliyejua kila kitu, wachezaji wakiambiwa tu kile ambacho kamanda angeweza kukiona kwa macho yake. Mkuu wa majeshi, Jenerali von Müffling, aliupenda akauagiza jeshini. Kijana Reiswitz hakuishi kuona matunda. Alijiua mwaka 1827. Baada ya Prussia kuishinda Ufaransa mwaka 1871, majeshi mengine yaliingia mbio kuuiga mchezo wake.

Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Upande mmoja kuna anayetaka kuuona uso wa askari, vifungo vya koti na masharubu. Upande wa pili kuna anayetaka kuiona vita nzima, ardhi na umati. Aliyejaribu kuvipata vyote viwili alikuwa Kapteni William Siborne, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa kirefu kuliko vingine.

Mwaka 1830 Siborne, Mwingereza, alipewa kazi ya kutengeneza mfano wa uwanja wa Waterloo, ambako Napoleon alishindwa mwaka 1815. Alihamia kwenye uwanja wenyewe, akakaa miezi minane akipima kila mwinuko na kila ua wa shamba. Kisha akafanya jambo ambalo wanahistoria wanamshukuru mpaka leo: aliwaandikia maofisa waliokuwa wangali hai, akiwauliza kikosi chako kilikuwa wapi saa moja jioni, wakati walinzi wa Napoleon waliposhambulia kwa mara ya mwisho? Zao la shamba lilikuwa nini? Mbele yako uliona nani? Majibu yalimiminika kwa mamia, na barua hizo zikawa hazina kubwa kuliko kazi aliyotumwa. Mwaka 1833 serikali ikasitisha fedha. Siborne akaendelea kwa mikopo na mfuko wake mwenyewe.

Mfano huo ulioneshwa London mwaka 1838. Uwanja ulikuwa kwa kipimo cha 1 kwa 600, na juu yake walisimama askari zaidi ya 70,000 wa bati na risasi, kila mmoja na kimo cha takriban milimita 10. Mwenye kalamu na apige hesabu: kwa kipimo hicho mtu angepaswa kuwa na milimita 3 tu. Siborne aliwakuza mara tatu ili waonekane, akijua kwamba anadanganya kidogo, kama ambavyo kila mtengenezaji wa majeshi ya mezani amedanganya baada yake. Uongo huo hakuna aliyeulalamikia. Kilichozua ugomvi ni ukweli. Kutokana na barua alizokusanya, Siborne alikuwa amewaweka Waprussia wengi sana uwanjani saa ile, jambo lililomaanisha kwamba ushindi haukuwa wa Duke wa Wellington peke yake. Duke hakupendezwa. Hatimaye Siborne alikubali kuwaondoa baadhi yao. Watu kwa maelfu walilipa kiingilio, lakini deni halikuisha, naye akafa mwaka 1849 akiwa amechoka na maskini. Mfano wake uko katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi mtaa wa Chelsea, London. Sijui mfano mwingine unaoonesha wazi kuliko huo kwamba askari wa milimita 10, asiye na pua wala macho, anaweza kuwa hoja ya kisiasa. Kumbe kumwondoa mezani ni sawa na kumfuta katika historia.

Karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, biashara ilirudi kwenye uso. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutoa askari wenye uwazi ndani. Madini yalimiminwa kwenye kalibu, yakaachwa yagande kidogo pembezoni, kisha yaliyobaki katikati yakamwagwa nje. Askari akatoka mnene kwa macho, mwepesi mkononi, na wa bei nafuu kuliko wa Wajerumani. Walikuwa na milimita 54, na waliteka vyumba vya watoto wa dola yote ya Uingereza. Ndani ya visanduku vyao vyekundu dola yenyewe ilipangwa kwa vikosi: Wahindi, Wazulu, kikosi cha ngamia cha Misri, na kati ya vita viwili vikuu hata King's African Rifles, yaani KAR yetu, wakiwa na fezi nyekundu. Babu wa Kinyasa au wa Kikamba aliyekuwa akitembea doria Jubaland alikuwa na mwenzake wa madini ya risasi juu ya zulia la mtoto huko London, na hakuna aliyemwambia.

Watu wazima walikuwa wameshaanza kuingilia. Robert Louis Stevenson, mwandishi, alipokuwa akitibiwa mapafu huko Davos, Uswisi, mwaka 1881 na 1882, alichora ramani kwa chaki kwenye sakafu ya dari na kupigana vita vya wiki nzima na mtoto wake wa kambo, Lloyd Osbourne, akiandika na habari za magazeti ya kubuni kuhusu vita hivyo. H. G. Wells naye alitoa kitabu kiitwacho Little Wars mwaka 1913, chenye kanuni za kuchezea askari wa Britain na mzinga wa springi uliorusha kijiti cha kweli. Ukilengwa, ukaanguka, umekufa. Wells alipendekeza kwamba wapenda vita wafungiwe chumbani wapigane hivyo, dunia ipumue. Mwaka uliofuata dunia ikaingia Vita Kuu ya Kwanza.

Katika Vita ya Pili mchezo uliokoa watu kweli. Mjini Liverpool, kuanzia Januari 1942, Kapteni Gilbert Roberts na wasichana wa jeshi la wanamaji walichora bahari ya Atlantiki sakafuni, wakasogeza meli ndogo, na kuwalazimisha maofisa kutazama kupitia matundu kwenye pazia ili wasione zaidi ya wanavyoona baharini. Walitafuta namna ya kuzinasa nyambizi za Wajerumani, wakafundisha takriban maofisa 5,000. Janet Okell, mmoja wa wasichana hao, alipewa kumkabili Admirali Max Horton, mzoefu wa nyambizi, akamshinda kila mchezo.

Uraibu tunaoujua leo ulizaliwa baada ya vita hiyo, na ulizaliwa kwa sababu kalibu ilishuka bei. Jack Scruby wa Visalia, California, alianza kumimina askari katika kalibu za mpira badala ya chuma au jiwe, na mwaka 1957 akaanzisha jarida la wachezaji. Uingereza ilikuwa na Donald Featherstone, mtaalamu wa viungo mjini Southampton na askari wa zamani wa vifaru, ambaye kitabu chake cha mwaka 1962 kiliwapa watu wengi kanuni za kwanza. Kampuni ya Airfix nayo ikaleta plastiki. Kisanduku kimoja cha watu wadogo zaidi ya 40 mtoto aliweza kukinunua kwa fedha zake za mfukoni, na ikiwa jeshi alilolitaka halikutengenezwa, alikata kichwa cha huyu akabandika kwa yule. Rangi ilibanduka kila ulipomkunja askari. Mwaka 1966 Britain wakaacha madini ya risasi kwa sababu za afya ya watoto.

Kutoka hapo vimo vilianza kushuka: milimita 25, kisha 15, kisha 6, na kuna waliofika 2. Sababu ni meza. Batalioni ya watu 600 waliosimama safu mbili huchukua uwanja wa mita 165 hivi. Kwa askari wa milimita 28, batalioni hiyo ingehitaji karibu mita tatu za meza, na vita vya Waterloo vingehitaji uwanja wa mpira. Kwa hiyo mchezaji huweka watu 20 au 30 na kusema hawa ni 600. Kwa askari wa milimita 6, ambao ni kipimo cha 1 kwa 300, batalioni nzima, mtu kwa mtu, husimama ndani ya sentimita 55. Ukiketi ukaitazama, unaona kile ambacho jenerali alikiona kutoka kilimani: mistari, moshi wa pamba, pengo linalofunguka katikati. Mimi niko upande wa hao wadogo, na sijifichi. Askari wa milimita 28 aliyepakwa vizuri ni pambo la kabati. Wa milimita 6 ni vita.

Kuwapaka kuna ujanja wake, na wageni wengi hukosea kwa kutaka kufanya mengi. Visanamu hugundishwa kumi kumi juu ya kijiti bapa, hupakwa rangi nyeusi mwili mzima, kisha kila rangi hupitishwa kwa mkupuo kijiti hadi kijiti: makoti yote, suruali zote, nyuso zote, bunduki zote. Nyeusi inayobaki katikati ndiyo inayochora mikunjo. Rangi ya sare haifai kuwa ile ya kweli, kwa sababu kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kilivyo. Koti jekundu liwe jekundu la kupita kiasi, na mkanda mweupe uwe mweupe pepe. Macho hayachorwi. Kisha hubandikwa kwenye kitako kimoja, mchanga na unga wa majani juu yake, na hapo ndipo kundi la madoa linapogeuka kikosi.

Marekani ilichangia kitu kingine. Wachezaji wa Lake Geneva, Wisconsin, akiwemo Gary Gygax, walitoa kanuni za vita vya enzi za kati mwaka 1971, wakaongeza mazimwi na wachawi, na mwaka 1974 ukatoka mchezo wa Dungeons & Dragons. Mtoto huyo alimzidi mzazi kwa fedha mara nyingi, na viwanda vingi vya visanamu, hasa vya Nottingham, vikahamia kwa mazimwi. Historia ilibaki kwa wenye subira.

Ni katika Nottingham huko huko tunakutana nasi wenyewe. Kampuni ya Foundry ilitoa katika miaka ya 1990 mkusanyo wa visanamu vilivyochongwa na Mark Copplestone, uliopewa jina la Afrika ya Giza, jina la kusikitisha kwa kazi nzuri. Ndani yake wamo rugaruga, wapiganaji wa aina ya wale wa mtemi Mirambo, watu wa Zanzibar wenye kanzu, na askari wa Wajerumani. Wachezaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakipigania Tanga miaka nenda rudi, na si ajabu: Novemba 1914 Waingereza waliteremsha jeshi la watu 8,000 hivi kutoka India kupitia Ras Kasone, wakalikabili jeshi la Wajerumani la takriban watu 1,000 chini ya kamanda von Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika, wakashindwa vibaya. Nyuki wa mashambani walivuruga pande zote mbili, na kwenye meza nyuki hao hupewa dadu yao. Meli ya Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kama Liemba ya Ziwa Tanganyika, nayo hutengenezwa. Kwa kipimo cha milimita 6 urefu wake ni sentimita 24, nusu mkono.

Lakini yupo ambaye haonekani ipasavyo. Vita ya Afrika Mashariki ilibebwa vichwani. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee hukaribia 100,000, wengi kwa njaa, kuhara na homa. Visanamu vya wapagazi vipo, ila mezani mara nyingi huwekwa pembeni kama pambo la njia, kwa kuwa kanuni nyingi zimeandikwa na watu wanaopenda kuhesabu bunduki, si mizigo ya unga. Sanamu za shaba zilizosimamishwa miaka ya 1920 zilifanya haki zaidi. Nairobi, mpagazi anasimama bega kwa bega na askari. Dar es Salaam, askari yuko peke yake pale Posta, na bunduki yake.

Kwa muda wote huu kalibu ilikuwa mbali nasi: Nuremberg, London, Nottingham. Sasa haiko mbali tena. Visanamu huchongwa kwenye kompyuta na kutolewa kwa printa ya rezini inayotosha juu ya meza ya kusomea, na printa za namna hiyo zimeshafika Nairobi na Dar es Salaam. Kijana anayejua kuchora kwa kompyuta na aanze na vita vya nyumbani. Atengeneze batalioni ya KAR, kompania ya askari wa Wajerumani, na kwa kila askari mmoja achapishe wapagazi wawili watatu, kisha aandike kanuni ambayo jeshi lisilo na wapagazi halisogei hata hatua moja.